Nani Mkubwa Pale?

Likizo iliyopita mjukuu wangu alikuja Mandawa na filamu moja ndani ya simu yake, tukaitazama wawili chini ya mkorosho. Ni hadithi ya kubuni ya kituo kinachoelea angani, mbali na dunia, chenye watu wengi na mitambo mingi. Kuna kapteni, kuna msaidizi wake, mhandisi mkuu, daktari, mkuu wa ulinzi, na chini yao vijana wa zamu. Kapteni akatoka nje kwa chombo kidogo, hitilafu ikatokea ndani, na wale waliobaki wakaanza kubishana ni nani mwenye haki ya kutoa amri. Mjukuu akanigeukia: "Babu, sasa nani mkubwa pale?" Simu ikaishiwa chaji kabla sijajibu, nami nikashukuru, maana swali hilo nilikwisha kuulizwa mara moja maishani, na aliyeniuliza hakuwa mtoto.

Vituo vya kweli vya anga navyo vinalijua swali hilo. Mwaka 1973 Wamarekani watatu, Gerald Carr, Edward Gibson na William Pogue, walipanda kwenye kituo cha Skylab wakakaa huko siku 84. Wakubwa wa ardhini waliwapangia kazi dakika kwa dakika, hata muda wa kupumua ukawa haba. Carr alikuwa kamanda, lakini ratiba ilitoka chini, kwa watu waliokuwa wanalala majumbani mwao. Mwishoni mwa Desemba wakazungumza kwa redio kwa kirefu, kila upande ukasema yake, ratiba ikalegezwa na kazi ikaenda vizuri zaidi. Katika kituo cha kimataifa cha sasa, ambacho hakijakosa watu tangu Novemba 2000, kazi za kila siku huongozwa kutoka ardhini. Lakini moto ukizuka, kamanda aliyemo ndani hufanya linalopasa kufanywa bila kungoja ruhusa ya mtu. Mambo haya nimeyasoma tu. Kituo ninachokijua mimi kilikuwa ardhini, na baba yangu alifanya kazi ndani yake.

Nilizaliwa mwaka 1949 hapa Mandawa, hii ya Ruangwa, siyo ile ya Kilwa ambayo barua zangu hupotelea. Siku hizo sote tulihesabiwa Nachingwea. Na Nachingwea, msomaji, ilikuwa kituo kilichotua porini kana kwamba kimetoka nyota nyingine. Waingereza walikuwa na njaa ya mafuta ya kupikia baada ya vita. Mwaka 1946 Frank Samuel wa United Africa Company alitoa wazo la kulima karanga Afrika kwa mashine. John Wakefield, aliyewahi kuwa mkuu wa kilimo Tanganyika, akatumwa na wenzake wawili kukagua ardhi. Ziara yao ilichukua wiki 9, na sehemu yake kubwa walikuwa ndani ya ndege. Wakarudi na mpango wa zaidi ya ekari milioni 3, nyingi zake katika Tanganyika: Kongwa, Urambo na huku kwetu kusini.

Basi pori letu likaletewa reli kutoka Mkwaya karibu na Lindi, bomba la mafuta, uwanja wa ndege, karakana, hospitali na nyumba za wakubwa. Mtwara ikaanza kuchimbiwa bandari. Yakaja matrekta, na mengine yalikuwa vifaru vya vita vilivyoondolewa mizinga. Baba alikuwa taniboi wa lori. Alipenda kunihesabia ngazi za amri kwa vidole: kibarua, taniboi, dereva, nyapara, karani, hapo mkono mmoja umekwisha. Wa pili ulianza na bwana shamba wa Kizungu, ukaenda kwa meneja wa Nachingwea, ukaruka hadi Kongwa kwa jenerali, ukavuka bahari hadi kwa mwenyekiti wa shirika, na kidole gumba kilikuwa cha waziri. "Na baada ya waziri?" niliuliza. Akasema baada ya waziri kuna mama wa Kiingereza anayekaanga samaki.

Jenerali hakuwa wa hadithi. Tangu mwaka 1948 kazi ilishikwa na shirika la serikali ya Uingereza, Overseas Food Corporation, mwenyekiti wake Leslie Plummer, chini ya John Strachey, Waziri wa Chakula. Hapa nchini mkubwa alikuwa Meja Jenerali Desmond Harrison, mhandisi wa jeshi, aliyekaa Kongwa. Askari wengi waliotoka vitani waliajiriwa, na mradi mzima ukatembea kijeshi. Sina ugomvi na nidhamu ya jeshi. Nimeongoza shule za bweni, najua faida ya kengele. Lakini jeshini amri hushuka haraka kwa sababu adui anaonekana. Adui wa Kongwa alikuwa udongo, unaolainika kwa mvua na kukauka kama sakafu ya saruji, na udongo hausomi waraka.

Mwaka 1947 walikusudia kulima ekari 150,000. Zilizopandwa zilikuwa kama 7,500. Habari hiyo ilipaswa kupanda ngazi zile zile ambazo amri iliteremka, na hapo ndipo ninapouona ugonjwa wenyewe. Kila aliyeshika ngazi alikuwa na sababu ya kuipunguza makali kabla ya kuipitisha juu: fundi hakutaka kuonekana mvivu, meneja hakutaka kuonekana mwoga, waziri alikwisha kuliahidi Bunge. Mwishoni mwa mwaka 1949 wajumbe wawili wa bodi waliofikia kusema waziwazi kwamba mambo hayaendi, Wakefield mwenyewe na John Rosa, waliondolewa. Hao walikuwa katika ile ziara ya wiki 9. Ndio waliochora mpango, na sasa ndio waliotaka ukweli wake usemwe. Harrison alirudishwa kwao akiwa mgonjwa. Januari 1951 serikali ya Uingereza ikatangaza kwamba mpango umekwisha, na pauni milioni 36 zikafutwa vitabuni. Reli ya kusini ikadumu hadi mwaka 1962, kisha ikang'olewa.

Nchini mwetu tumezoea kucheka mkasa huu, na baba naye alicheka. Lakini hakuna aliyemwambia Strachey uongo mkubwa. Kila ngazi ilisema kauongo kadogo ka adabu.

Pori halikukaa wazi muda mrefu. FRELIMO, walipojiandaa kupigania Msumbiji, waliweka wapiganaji wao kwanza Kongwa, halafu kuanzia mwaka 1965 Nachingwea, mahali watu wanapopaita Fam 17. Nami huona ajabu kwamba walipita palepale karanga zilipopita. Nacho kilikuwa kituo kilichojitenga: kilikuwa na uzio wake na sheria zake, na vijana kutoka kila jimbo la Msumbiji ambao wengine hawakuelewana lugha. Tulioishi jirani tulijua kutouliza.

Jeshi lile halikuwa na vyeo rasmi vya mabegani. Vilikuja baada ya uhuru. Walikuwapo makamanda na makamisaa, na kila mtu alijua nani mkubwa. Kilichotofautiana na wakati wa karanga ni umbali. Samora Machel, aliyeshika ulinzi baada ya Filipe Magaia kufa mwaka 1966, aliishi na watu wake. Kamanda na mwanafunzi walilima chakula chao, na tangu mwaka 1967 wasichana nao walipokea mafunzo ya silaha hapo hapo. Mondlane alipouawa Dar es Salaam tarehe 3 Februari 1969, kichwa kilikatika, na kwa muda chama kikawa na viongozi watatu: Uria Simango, Marcelino dos Santos na Samora. Kambi haikusambaratika. Mei 1970 Samora akawa rais wa chama, na miaka 5 baadaye akaondoka huku kwenda kuvuka Ruvuma na kushuka hadi Maputo, uhuru ukapandishwa bendera tarehe 25 Juni 1975.

Nilikuwa mwalimu kijana wakati ule, na niliusifu mfano huo darasani kwa miaka mingi. Siufuti. Ila siku hizi nauongezea lile nililoliacha: kabla ya uhuru huo, palepale Nachingwea, wafungwa wa kisiasa walipitishwa hadharani mbele ya umati, Simango akiwa mmoja wao, wakasoma maungamo yao. Wengine, pamoja na Simango, baadaye waliuawa bila mahakama. Ngazi fupi humfikisha mtu haraka kwa mkubwa, lakini mkubwa akishaamua, hakuna ngazi nyingine ya kwenda kulalamika.

Sisi Wamwera hatukuwahi kuwa na mfalme mmoja. Wazee wa koo waliamua, na kama mzee hayupo, aliyepo aliamua, kesho yake akamweleza. Nililelewa hivyo, halafu nikapata ukuu wa shule nikausahau utaratibu huo.

Ilikuwa miaka ya 80, katika shule moja ya bweni ambayo sitaitaja. Petroli ilikuwa ya kuhesabu kwa kibaba, na gari la shule lilikuwa limeshazoea kupeleka maharusi. Nikatoa waraka: gari lisitoke bila saini yangu. Nilijivunia waraka ule. Nidhamu ilirudi kwa wiki moja. Halafu nikaitwa mkutanoni Lindi. Usiku wa pili kijana wa kidato cha pili akaugua tumbo. Matroni aliona ni kidole tumbo, akamwambia mwalimu wa zamu, mwalimu wa zamu akamwamsha dereva, dereva akaenda kuuliza kwa makamu wangu, na makamu akaushika waraka wangu mkononi akausoma tena. Petroli ilikuwapo, na ufunguo ulikuwa kwenye droo isiyofungwa. Walimchemshia maji wakangoja kuche ili wanipigie simu kutoka posta. Simu ilinipata saa nne asubuhi, nikasema mchukueni haraka. Alifia njiani.

Niliporudi hakuna aliyenilaumu. Makamu alisimama mbele ya meza yangu, mikono nyuma, akasema, "Uliagiza, Mwalimu Mkuu." Hakusema kwa ukali. Aliripoti tu, kama mtu aliyetekeleza.

Baba wa mtoto alikuja siku ya tatu, kwa lori la korosho, mkulima mwenye umri kama wangu. Alikataa kiti. Akaniuliza, "Mwalimu, usiku ule nani alikuwa mkubwa hapa?"

Nikamjibu, "Mimi, ndugu yangu."

"Ulikuwa wapi?"

"Lindi."

Alitikisa kichwa polepole, akaomba sanduku la mwanawe. Lilikuwa la bati, rangi ya bluu, na jina limeandikwa kwa chokaa kwenye kifuniko. Nilishika upande mmoja, yeye akashika wa pili, tukalibeba hadi kwenye lori.