Rafadha
Kamusi husema rafadha. Ufukweni utasikia propela, na helikopta imepewa pangaboi, jina la feni ya darini. Mimi nalipenda la kamusi, ingawa dukani huenda ukatazamwa tu.

Kitovuni mwa rafadha ya boti huandikwa namba mbili, tuseme 13 na 19: kipenyo kwa inchi, kisha inchi ambazo ingesonga kwa mzunguko mmoja kama isingeteleza majini. Boti la mizigo hutaka hiyo ya pili iwe ndogo.

Kimo cha kuifunga mashine nyuma ya boti nacho: kibapa kilicho juu ya rafadha kikae takriban sawa na tumbo la boti. Mashine ikipanda mno, rafadha hunyonya hewa. Injini yavuma, boti lazembea. Ikishuka mno, inaburuta maji na kunywa petroli bure.