Wachungaji wa Mlima Cheviot

Sisi tuliosoma historia ya Vita Kuu ya Pili tunaikumbuka tarehe 16 Desemba 1944 kwa jambo moja. Ndiyo siku majeshi ya Hitler yalipozuka ghafla katika misitu ya Ardennes, nchini Ubelgiji na Luxembourg, yakawarudisha nyuma Wamarekani. Hitler alikuwa akingojea mawingu. Alijua kwamba anga ikifunga, ndege za Marekani na Uingereza hazitaweza kuyaona majeshi yake. Siku hiyo hiyo hali mbaya ya hewa iliangusha ndege moja mbali kabisa na mapigano, na habari zake hazimo katika vitabu tulivyokariri kwa ajili ya mtihani.

Ilikuwa ndege ya mabomu aina ya B-17, yenye injini nne na watu 9 ndani yake, mali ya kikosi cha 303 cha Wamarekani kilichokuwa Molesworth, mashariki mwa England. Rubani wake aliitwa George Kyle. Waliruka asubuhi pamoja na wenzao kwenda kupiga njia za reli kusini mwa Ujerumani, lakini hali ya hewa ikawashinda, wakageuza na mabomu yangali tumboni mwa ndege.

Kurudi ndiko kulikokuwa kugumu. Walipotelea katika mawingu na theluji, wakatokea zaidi ya kilometa 300 kaskazini ya kambi yao, kwenye vilima vya Cheviot mpakani mwa England na Scotland. Mlima Cheviot wenyewe una meta 815 tu, na mwenzetu aliyekulia Moshi au Arusha atacheka akiambiwa kuwa huo ni mlima. Asicheke upesi. Kileleni pake ni uwanda mpana wa mboji nyeusi, laini kama kinamasi, uliokatwakatwa na mitaro ambayo mtu akiingia haonekani, na dhoruba ya theluji ikivuma mtu hajui alikotoka wala anakokwenda. Ndege ililipiga bega la mlima, ikaserereka juu ya mboji na kushika moto. Fred Holcombe na Frank Turner walikufa.

Saba walionusurika walitawanyika bila kujuana. Kyle na wenzake wawili waliteremka wenyewe mpaka wakaliona shamba la Mounthooly. Wanne wengine walijiburuta mbali na moto, wakaingia katika mtaro mmoja wa mboji na kukaa humo wakingojea, wengine wakiwa wameumia.

Bondeni waliishi wachungaji wa kondoo. Wawili kati yao, John Dagg na Frank Moscrop, waliisikia ndege ikipita chini sana, kisha wakasikia kishindo. Hawakungoja amri ya polisi wala ya jeshi. Walipanda mlima katika dhoruba ile, pamoja na Sheila, mbwa jike wa Dagg. Wakatafuta, wakapiga kelele, upepo ukazimeza. Aliyewagundua wale wanne mtaroni alikuwa Sheila.

Baadaye watu waliuita ushujaa, na ushujaa ulikuwapo. Lakini mimi naona kwamba jambo hili lina upande mwingine ambao waliotoa nishani hawakuutilia maanani sana. Katika vilima vile kondoo hufukiwa na theluji kila majira ya baridi, na kazi ya mchungaji ni kujua upepo unalundika theluji wapi, mnyama hukimbilia wapi kujikinga, na kumwachia mbwa anuse pale macho yanaposhindwa. Wanahewa wale walijificha pale pale ambapo kondoo angejificha. Wengi wetu tulichunga mbuzi kabla ya kuvaa kaptura za shule, na tunajua jinsi elimu hiyo isivyohesabiwa kuwa elimu. Najua pia kwamba baadhi ya wenzetu, hasa wa pwani, hawamweki mbwa ndani ya nyumba, lakini Sheila hakuwa mbwa wa kubembelezwa. Alikuwa mbwa wa kazi.

Wachungaji waliwateremsha wanne hao hadi nyumbani kwa Dagg. Wakati huo mabomu yalikuwa yangali ndani ya ndege inayowaka. Walikuwa wamefika bondeni tu yalipolipuka, na mtikisiko ukavunja madirisha. Binti wa Dagg akatumwa katikati ya theluji kwenda mahali penye simu, na baba yake na Moscrop wakapanda tena mlimani kuwatafuta waliobaki, maana hawakujua kwamba watatu walikwisha kujiokoa.

Dagg na Moscrop walipewa nishani ya Dola ya Kiingereza. Mwezi Julai 1945 Sheila alivishwa Nishani ya Dickin, iliyoanzishwa mwaka 1943 kwa ajili ya wanyama waliotenda mambo makubwa vitani, naye akawa mbwa wa kwanza asiye wa jeshi kuipata. Itakumbukwa kwamba Desemba ile ya ajali ndiyo askari wetu wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki walipovuka mto Chindwin huko Burma, na nishani zao hazikuandikwa sana magazetini.

Mwaka 1995 kumbukumbu ilifunuliwa katika bonde la College, chini ya mlima huo, kwa ajili ya wanahewa wote waliokufa katika vilima vya Cheviot wakati wa vita. Lakini ukumbusho wa kwanza ulikuwa umekwisha kuvuka bahari miaka mingi kabla ya hapo. Frank Turner alikuwa na mama yake huko South Carolina. Sheila hakuweza kumwokoa mwanawe. Hata hivyo, Sheila alipozaa, mmoja wa watoto wake, aliyeitwa Tibbie, alisafirishwa kwa ndege hadi Marekani akakabidhiwa mama huyo.