Sheria ilivyokinusuru kilima cha Mrima

KILIMA cha Mrima, kilichoko Kaunti ya Kwale karibu na mpaka wa Kenya na Tanzania, kina msitu wa kaya ambao Wadigo wameuheshimu kwa vizazi kama mahali pa matambiko. Serikali iliutangaza kuwa msitu wa hifadhi mwaka wa 1961, kisha ukawa turathi ya kitaifa mwaka wa 1992.

Chini ya miti hiyo mna niobiamu, inayotumiwa kuimarisha chuma cha pua, pamoja na madini adimu yanayohitajika katika utengenezaji wa simu na mitambo ya umeme wa upepo. Udongo huo pia una thoriamu, ambayo hutoa miale hatari. Vumbi la machimbo ya Mrima, basi, si vumbi la kupuuzwa.

Mnamo Machi 2013, siku chache tu baada ya uchaguzi mkuu, kampuni ya Cortec Mining Kenya ilipewa leseni ya kuchimba madini huko kwa miaka 21. Thamani yake ilikadiriwa kuwa dola bilioni 62.4 za Marekani. Agosti mwaka uo huo, aliyekuwa Waziri wa Madini, Najib Balala, aliifutilia mbali leseni hiyo.

Wawekezaji waliishtaki Kenya katika kituo cha Benki ya Dunia cha kusuluhisha mizozo ya uwekezaji, jijini Washington. Walishindwa Oktoba 2018. Kilichowaangusha, ajabu ni kwamba, si utakatifu wa kaya bali ni stakabadhi: leseni ilitolewa kabla ya tathmini ya athari kwa mazingira kuidhinishwa, ilhali eneo lenyewe lilikuwa chini ya hifadhi. Jopo liliamua kuwa leseni ilikuwa batili tangu mwanzo, hivyo hapakuwa na haki ya kufidiwa. Rufaa ya kutaka uamuzi huo ubatilishwe ilitupiliwa mbali mwaka wa 2021.

Sheria ya Madini ya 2016 inataka, pamoja na tathmini ya mazingira, tathmini ya turathi za jamii kabla ya leseni ya uchimbaji kutolewa.

Hata hivyo, Mrima haumo miongoni mwa kaya za Wamijikenda zilizoorodheshwa na UNESCO kuwa Turathi za Ulimwengu mwaka wa 2008. Kinga yake ni sheria za humu nchini pekee, na madini yangali ardhini.