Nafasi ya Jina la Ukoo

Nyarutarama, mtaa wa Kigali uliopakana na uwanja wa gofu, wanaishi mabalozi, wafanyabiashara wa kigeni na Wanyarwanda waliorudi kutoka ughaibuni. Mzazi akienda kumwandikisha mtoto shule, hukutana na fomu yenye nafasi ya jina la ukoo. Mwingereza aitwaye Goodwin huijaza mara moja: baba Goodwin, mama Goodwin, mtoto Goodwin. Jirani yake Mnyarwanda hushika kalamu akasita. Yeye ni Habimana, mkewe Uwimana, kifungua mimba wao Hakizimana, na mdogo wake Iradukunda. Nyumba moja, majina manne, na hakuna hata moja lililorithiwa.

Si kwamba Wanyarwanda hawana koo. Abanyiginya, Abega, Abasinga, Abazigaba wanajulikana, na mtoto huufuata ukoo wa baba. Ila ukoo haukutiwa kwenye jina. Jina ni kauli ya mzazi kwa mtoto huyu peke yake. Siku ya nane tangu kuzaliwa, kwa desturi ya kwita izina (ile ile ambayo tangu 2005 imewafikia hadi sokwe wa milimani), watoto wa majirani hualikwa, hulishwa, na kila mmoja hutoa jina analolipenda. Kisha baba hutamka lake. Habimana: Mungu yupo. Uwimana: wa Mungu. Linalonigusa kuliko yote ni Sibomana: wao si Mungu. Aliyempa mwanawe jina hilo alikuwa anamjibu mtu.

Waingereza wa kale walikuwa hivyo hivyo. Goodwin lilianza kama Godwine, jina la mtu mmoja, lililoungwa kwa neno la Mungu (au la wema, maana yote mawili yanawezekana) na neno la rafiki. Liweke kando ya Uwimana uone udugu wao. Godwine maarufu kuliko wote, mtawala wa Wessex, alifariki 1053, na mwanawe hakuitwa Godwine. Aliitwa Harold, na wa Godwine kwa kumtambulisha tu, kama sisi wa pwani tusemavyo fulani bin fulani.

Harold, aliyekuwa mfalme wa Uingereza, aliuawa Hastings tarehe 14 Oktoba 1066 akipigana na Wanormani kutoka Ufaransa. Hao wakaingia na akina William, Robert na Richard, na majina ya kale yakaanza kuachwa. Baada ya vizazi kadhaa kila kijiji kilijaa akina William, na makarani wa kodi na wa mabaraza ya ardhi wakahitaji kuwatenganisha. William mwana wa Godwine akaandikwa William Godwin. Mwanawe naye akaandikwa Godwin, ingawa babaye hakuitwa hivyo. Kufikia kodi ya kichwa ya 1377, watu wengi wa kusini mwa Uingereza walikuwa na majina ya kurithi. Godwine lilipona, lakini liliponea daftarini. Tangu hapo halimwambii mtoto neno lolote.

Kwetu jambo hili limetokea mbele ya macho. Mshairi Shaaban Robert, aliyezaliwa 1909 karibu na Tanga, alijulikana pia kama Shaaban bin Robert. Bin ilipoondoka, maktaba za ughaibuni zikamweka chini ya Robert kana kwamba ni ukoo. Na Robert ni miongoni mwa majina yale yale yaliyomfukuza Godwine kwao! Godwine mwenyewe amepata makao upya kwa ubatizo: nenda Bukoba au Moshi, utawakuta akina Godwin.

Leo Mnyarwanda aliyekwisha kuulizwa uwanja wa ndege kwa nini hafanani jina na mwanawe, humwandika mtoto jina lake yeye. Simlaumu, usumbufu ule unaumiza. Lakini Sibomana akimrithisha mwanawe Sibomana, ugomvi uliolizaa jina hilo ni wa babu, na mtoto bado hajasemewa lake. Ningemwomba alijaze la babu kwenye nafasi ile ya fomu, kisha siku ya nane awaite watoto wa majirani, awapikie.