Goma 1994: mwezi wa kolera, mwezi wa kuhara damu

Mtu mzima wa Goma akisikia neno kolera, mawazo yake yanarudi mwaka 1994. Lakini vijidudu vilivyoua watu kwetu mwaka ule vilikuwa vya aina mbili, na cha pili kimesahaulika. Familia nyingi zinaishi tena chini ya mahema au kwa ndugu waliozipokea, kwa hiyo inafaa habari ile isimuliwe yote.

Kati ya tarehe 14 na tarehe 18 mwezi wa saba 1994, baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi na serikali ya Kigali kuanguka, Wanyarwanda kati ya 500,000 na 800,000 waliingia Kivu ya Kaskazini. Walilala barabarani, katika mashamba, kwenye viwanja vya shule. Baadaye walipelekwa Kibumba, Katale na Mugunga. Anayejua Kibumba anajua shida yake: hakuna mto. Na chini ni mawe ya volkano, jembe haliingii. Huwezi kuchimba choo, huwezi kuchimba kaburi. Siku zile za kwanza, maji yaliyotolewa na mashirika yaligawanyika kama glasi moja kwa mtu kwa siku nzima. Wengine walishuka ziwani kuchota, na hapo hapo ziwani ndipo watu waliogea, walifulia na kujisaidia.

Tarehe 20 kolera ilithibitishwa. Kabla ya mwezi ule kuisha, malori yalikuwa yakipita kuokota maiti zilizofungwa katika mikeka, na mashine za wanajeshi Wafaransa zilipasua mawe ili kupata makaburi ya pamoja. Katika mwezi wa kwanza walikufa wakimbizi karibu 50,000, na zaidi ya 8 kati ya kila 10 kwa ugonjwa wa kuhara. Wengi hawakufika hata kwenye kituo cha afya.

Kijidudu cha kolera kinaitwa Vibrio cholerae. Mwitaliano Filippo Pacini alikiona kwa darubini mwaka 1854, lakini wakubwa wa udaktari hawakumjali. Mwaka ule ule, kule London, daktari John Snow alionyesha kwamba waliokuwa wakifa mtaani walichota kwenye pampu moja. Wakati ule wengi waliamini ugonjwa unaletwa na hewa yenye harufu mbaya. Mjerumani Robert Koch ndiye aliyewafanya watu wakubali, mwaka 1884, baada ya kazi yake Misri na India. (Hata leo kwetu mtu akihara na kufa usiku mmoja, wapo wanaosema amepewa sumu, na jirani anaanza kutazamwa vibaya. Kolera inaweza kuua mtu mzima kwa saa chache, bila mkono wa jirani.)

Kijidudu hiki hakiumizi sana utumbo wenyewe. Kinatoa sumu inayofanya utumbo umwage maji ya mwili: mgonjwa anahara kitu kama maji yaliyooshea mchele, hata lita moja kwa saa. Anayekufa anakufa kwa kukaukiwa. Ndiyo sababu maji, chumvi na sukari vinamponya.

Jambo hilo lilithibitishwa kambini, tena na wakimbizi. Mwaka 1971 watu wa Bangladeshi walikimbilia India, na huko Bangaon seramu za kuweka katika mshipa zilikuwa zinaisha. Daktari Dilip Mahalanabis akachanganya chumvi na sukari katika maji, akawapa ndugu za wagonjwa wawanyweshe wenyewe. Kabla ya hapo walikuwa wakifa karibu 30 kati ya 100. Kwa waliotunzwa hivyo vifo vilishuka chini ya 4. Kipimo cha nyumbani ni hiki: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Chumvi isizidi, kwa mtoto ni hatari. Unamnywesha kidogo kidogo huku mkimpeleka kituoni.

Mwezi wa nane kolera ilipungua, na kambi zikapatwa na kuhara damu. Kijidudu chake, Shigella, kimepewa jina la Mjapani Kiyoshi Shiga, aliyekigundua mwaka 1897 wakati ugonjwa ule ukiua watu wengi nchini kwake. Chenyewe kinakula ukuta wa utumbo: homa, tumbo kusokota, damu. Chumvi na sukari vinasaidia mwili usikauke, lakini kijidudu kinahitaji dawa ya kukiua, na pale Goma dawa nyingi za kawaida zilikuwa hazikiwezi tena.

Njia zao pia hazifanani, na kwangu hapa ndipo penye uzito. Kolera kwa kawaida inahitaji vijidudu mamilioni ili mtu mwenye afya augue, kwa hiyo inapenda kusafiri katika maji machafu, ambamo mtu anavimeza vingi kwa mara moja. Shigella inatosheka na vijidudu chini ya 100. Hivyo vinakaa chini ya ukucha, katika chakula kilichoguswa, kwenye miguu ya nzi. Malori ya maji yalipofika kambini kwa wingi, watu bado walikuwa wamebanana bila sabuni na bila vyoo vya kutosha.

Kolera haikuondoka kwetu. Mwisho wa mwaka 2022 iliwakuta waliokimbia vita upande wa Kanyaruchinya, juu ya mawe yale yale ya volkano. Kando ya ziwa, ugonjwa ukipanda, wapo wanaotia klore ndani ya bidoni kwa bomba la sindano kabla mtu hajabeba. Maji hayo yanahitaji nusu saa ndipo yanywewe. Klore inalinda yaliyo ndani ya bidoni. Mkono uliotoka chooni bado unahitaji sabuni yake, na anayehara damu asiishie kwenye maji ya chumvi na sukari, afike kwa daktari siku ile ile.