Usiku wa kwanza Maskati, bibi alilala kwa nani?

Kwenye kipindi cha wiki hii tulizungumza habari za wazee wetu kurudi Oman, na kama kawaida yetu mazungumzo yakawaelemea wanaume: nani aliingia kwenye mafuta, nani jeshini, nani wizarani. Tulipomaliza kurekodi nikajiuliza, na kina bibi je? Wao walipokelewa na nani?

Tarehe tunazijua. Mapinduzi ya Januari 12, 1964 yaliwatawanya watu: Mombasa, Dar es Salaam, Cairo, Kuwait, Dubai, Uingereza. Oman yenyewe ilikuwa ngumu kuingia enzi za Sultan Said bin Taimur. Julai 23, 1970 mwanawe Qaboos akashika nchi, akawaita Waomani wa nje warudi. "Kurudi" ndilo neno linalotumika, ingawa wengi wa kina bibi walikuwa hawajawahi kuiona Oman hata siku moja.

Na waliikuta vipi? Mwaka 1970 nchi nzima ilikuwa na skuli 3, zote za wavulana. Halafu kuna hili la jina. Kule Unguja, Mwarabu aliyekuja karibuni kutoka Oman akiitwa Mmanga, yaani mgeni. Bibi, aliyezaliwa Unguja na kuitwa Mwarabu maisha yake yote, akafika Maskati akaambiwa ni Zinjibari. Kiarabu chake kilikuwa cha kusomea Kurani. Kumwambia daktari mtoto anaumwa wapi, hakijui.

Alishuka 1972 na watoto wanne. Usiku wa kwanza alilala Mutrah, kwa mwanamke aliyekuwa jirani wa shoga yake huko Unguja. Hawakuwa wakijuana. Magodoro yakatandikwa chini, wakakaa hapo miezi mitatu.

Kutoka nyumba ile akaingizwa kwenye upatu: wanawake kumi, kila mwezi kila mmoja anatoa sawa na mwenziwe, na mmoja anachukua zote. Kijumbe ndiye aliyepanga zamu, na mgeni alisogezwa mbele kwa sababu ndiye asiye na sufuria. Fungu la bibi lilinunua jiko na cherehani. Mwenye Kiarabu kizuri alimsindikiza asiye nacho hospitali. Aliyejifungua alipikiwa mpaka arubaini iishe, na kwenye msiba hakuna aliyesubiri kuitwa.

Tunapenda kusema kwamba wanawake waliotoka Zanzibar walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuingia maofisini, skuli na hospitali za Oman mpya. Ni kweli, walikuwa wamesoma na wengi walijua Kiingereza. Lakini asubuhi watoto wao walibaki na nani? Walibaki kwa kina bibi, ambao hawakuwa na cheti wala mshahara. Miaka hiyohiyo ya mwanzo wa 1970 Jumuiya ya Wanawake wa Oman ilianzishwa Maskati, na hiyo ina ofisi na kumbukumbu. Hii ya uani haina hata karatasi moja.

Sitaki kuipamba lakini. Uraia ulipita kwa baba, na ilibidi ujulikane kabila lako. Mwenye baba anayejulikana alipata wa kumtolea ushahidi upesi, na asiyekuwa naye alizungushwa. Ule uani nao ulikuwa na mlango wake. Nilipombana bibi, alikiri kwamba waliotoka Bara, na waliokuja kutoka Burundi na Rwanda, hawakukaribishwa sawa na watu wa mjini Unguja. "Tukiwacheka Kiswahili chao," alisema. Mmoja aliomba kuingia kwenye upatu, akaambiwa umejaa. Haukuwa umejaa.

Bibi alinyamaza kidogo, halafu akaniambia kwamba yule mama baadaye alianzisha upatu wake mwenyewe, na ulidumu kuliko wao.

Basi, wasikilizaji wetu wa Maskati, Dubai, London na kwengineko, nina ombi. Wiki hii mkikaa na bibi au shangazi, msimuulize alikuja mwaka gani. Muulizeni usiku wa kwanza alilala kwa nani. Kisha, kama mna ujasiri, muulizeni ni nani alibisha hodi na hakufunguliwa. Tutumieni majibu kwa sauti zao wenyewe, maana ofisini hayamo.