Mgonjwa Haulizwi Uji

Ndugu wasikilizaji, wazee wetu husema ya kuwa mgonjwa haulizwi uji. Maana yake, mtu aliyelala hoi hana nguvu za kuomba. Yampasa mwenye afya ampelekee bila ya kungoja kuitwa. Leo napenda kuwasimulia habari za nchi ya mbali ambayo mwaka 1918 ililipa gharama kubwa kwa sababu neno hili halikufuatwa.

Visiwa vya Samoa vimo katika bahari ya Pasifiki. Wenyeji wake ni watu wa asili moja na lugha moja, lakini mataifa makubwa yaliigawa nchi yao. Sehemu ya mashariki, yenye bandari ya Pago Pago, ilishikwa na Marekani. Sehemu ya magharibi, yenye mji wa Apia, ilitawaliwa na Wajerumani, kama ilivyokuwa Tanganyika. Na vita vilipoanza mwaka 1914, askari wa New Zealand wakaitwaa.

Mwaka 1918, vita vikikaribia kwisha, homa kali ya mafua ilienea duniani kote. Huku kwetu iliingia Mombasa kwa meli, ikapanda bara kwa njia ya reli. Huko Samoa ililetwa na meli iitwayo Talune, iliyotoka Auckland ikatia nanga Apia tarehe 7 Novemba. Ndani yake mlikuwa na wagonjwa, lakini abiria hawakuzuiliwa kushuka.

Hayakupita majuma mengi, vijiji vikalala. Katika nyumba nzima hakupatikana wa kumtekea mwenziwe maji. Chakula kilikuwako shambani, lakini hapakuwa na wa kukichimba wala wa kukipika. Siku zile haikuwako dawa ya kuuponya ugonjwa huo. Dawa ilikuwa uuguzi: maji ya kunywa, uji, nguo ya kujifunika, na kupumzika mpaka homa ipungue. Aliyekosa hayo alikufa, hata kama pengine angalipona. Maiti zilikusanywa kwa magari zikazikwa pamoja katika makaburi makubwa. Watu kama 8,500 walikufa, yaani zaidi ya mmoja katika kila watano. Na miongoni mwao walikuwamo wazee wengi wenye kuzijua mila na desturi za nchi.

Upande wa pili mambo yalikuwa mengine. Gavana wa Pago Pago, John Poyer, alipopata habari za homa kwa simu ya upepo, aliamuru meli zizuiliwe, na wenyeji wenyewe wakashika zamu kulinda pwani. Kwao hakufa hata mtu mmoja kwa homa hiyo.

Basi Poyer, akiwa na madaktari, alipeleka habari Apia kuuliza kama anaweza kusaidia. Mtawala wa Apia, Kanali Robert Logan, hakujibu. Tena, kwa kuchukizwa na amri ya kuzuia meli za kutoka kwake, alikata mawasiliano ya simu ya upepo na Pago Pago. Msaada uliokuwa karibu haukupokewa. Manowari Encounter ilitoka Australia na madaktari na dawa, ikafika Apia tarehe 3 Desemba. Walifanya kazi njema, lakini walio wengi katika waliokufa walikuwa wamekwisha zikwa.

Mwaka 1919 baraza la uchunguzi lilithibitisha kuwa homa ililetwa na Talune, likaonyesha makosa ya watawala. Uchungu huo haukusahauliwa, ukazidisha madai ya Wasamoa ya kujitawala. Samoa ya magharibi ilipata uhuru tarehe 1 Januari 1962, na mwaka 2002 Waziri Mkuu wa New Zealand, Helen Clark, akaomba radhi.

Mwaka 2019 surua ilipoingia Samoa, ilichukua roho 83, wengi wao watoto wadogo. Lakini safari hii msaada ulipokewa, na New Zealand ilikuwa miongoni mwa waliopeleka madaktari na chanjo. Mwezi wa Desemba serikali ilifunga kazi siku mbili, ikaagiza kila nyumba yenye mtu asiyechanjwa itundike kitambaa chekundu mlangoni. Wauguzi wakafuata vitambaa nyumba kwa nyumba. Mgonjwa hakuachwa atafute mlango wa daktari.

Wasikilizaji, katika habari hii nimeona mambo mawili ya kushika. La kwanza, kuzuia safari za watu na kuwasaidia si mambo yanayopingana: Poyer alifunga bandari yake, na huyo huyo ndiye aliyenyosha mkono. La pili, mkubwa akikataa msaada kwa hasira, hasira ni yake, lakini kaburi ni la watu wake. Maradhi yakiingia kijijini, mwangalie kwanza asiye na mtu: mjane, yatima, mgeni, na mzee akaaye peke yake. Mpelekee maji na uji, umwekee mlangoni ikiwa ugonjwa waambukiza. Asipoita, usidhani kuwa hana haja.